Redio Kimya, Si Betri

Mimi kukaa kitako sijui, na sikujua tangu utotoni. Nikikaa, mguu unacheza. Mguu ukitulia, mdomo unaanza. Majirani zetu wa Kariakoo wakiniona napita mbio barazani walikuwa wanasema, "Huyo binti wa fundi saa, kamwagiwa upupu huyo." Baba yangu, ambaye ndiye huyo fundi saa, alikuwa kinyume changu kabisa. Aliweza kukaa kwenye kigoda chake asubuhi nzima, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, anachokonoa saa ya mtu kwa kibanio bila hata kukohoa. Sijui yeye alinitoa wapi mimi. Mama angejua, lakini mama alifariki nikiwa darasa la sita, na tangu hapo tulibaki wawili katika chumba kimoja cha nyumba ya vyumba sita, bomba la uani tukichangia na wapangaji wenzetu.

Meza ya baba ilikuwa kwenye baraza ya mbele, imepakana na cherehani ya jirani yetu, fundi nguo, mtu wa maneno mengi na kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Nyuma ya baba, ukutani, kulikuwa na misumari, kila msumari na saa yake. Juu ya meza kulikuwa na redio kubwa ya mbao. Redio ile haikuwa ya muziki. Kila ikikaribia saa kamili, baba alifungulia steshini ya nje ya masafa mafupi, akasubiri ile milio ya pi, pi, pi, na wa mwisho mrefu, halafu akaziweka sawa saa zote zilizopona. Mtangazaji alitaja saa ya Griniwichi, baba hana habari naye. Alichukua dakika tu. Saa alikuwa nayo mwenyewe.

Sasa, kuna siku redio ilikuwa inanyamaza. Mchana kweupe, steshini zote za mbali zinafifia kwa pamoja, zinapotea, na baada ya nusu saa au zaidi zinarudi zenyewe. Baba alikuwa anatengeneza na redio, na watu walikuwa wanamjia nazo kwapani. "Fundi, si uliitazama juzi tu hii? Imekufa tena!" Baba alichoka kulaumiwa kwa kosa lisilo lake. Akachukua daftari la shule, ikawa kila redio ikinyamaza anaandika siku, saa, na maneno yale yale: Redio kimya. Si betri. Mtu akija na malalamiko, anafunguliwa daftari. "Ona, siku hiyo hata yangu ilikufa. Huu ugonjwa unatoka juu." Na kidole anakinyoosha mbinguni. Fundi nguo alikuwa anacheka mpaka mshono unaenda kombo.

Kumbe baba alikuwa amepatia. Hilo nilikuja kulijua Mlimani, chuo kikuu, nilikosoma fizikia. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, miaka ya foleni ya sukari na unga wa njano, kila mtu ndugu. Mwaka wa kwanza nilirudi nyumbani kichwa kimevimba kwa yale machache niliyofundishwa. Namkumbuka baba ameinamia saa, nami nimesimama juu yake nasema, "Baba, kule chuo saa zetu hizi hazitambuliki. Wao siku inaanza saa sita usiku, sisi tukisema saa moja asubuhi wao wanasema saba." Baba akasema, "Ahaa," akaendelea na kazi yake. Nami nikaondoka zangu, nilikuwa na haraka ya kwenda popote.

Mwaka wa mwisho nikapata mhadhiri mmoja, mtu wa Kilimanjaro, mkavu, asiyecheka ovyo. Yeye ndiye aliyetueleza kwamba jua lina siku linalipuka. Mwanga wa mlipuko unatufikia kwa dakika nane. Unavuruga tabaka la juu angani linalorudisha mawimbi ya redio, na redio za masafa mafupi zinanyamaza upande wote wa dunia ulio mchana. Nyuma ya mwanga zinakuja chembe, protoni, ndogo kupita kiasi na zenye kasi ya kutisha, na hizo ndizo zilikuwa kazi yake. Chembe hazinyooshi njia. Zinafuata nyuzi za sumaku ya jua zilizopinda, njiani zinakutana na vurugu, zinageuzwa, zinarudi nyuma, zinakuja tena.

"Mtu akitoka Mnazi Mmoja kwenda mtaa wa Gerezani," alituambia, "akazunguka kwa barabara kubwa, anafika upesi. Akikatiza katikati ya Kariakoo Jumamosi, anasukumwa huku na huku, hujui atatokea lini. Lakini ukiwapitisha watu elfu, nitakuambia wengi wao watatokea saa ngapi."

Nilipenda pale pale. Hesabu ya vitu visivyotulia! Nikajiona nimeumbiwa kazi hiyo.

Idara ilikuwa na nafasi moja tu ya kubaki chuoni kama mhadhiri msaidizi, na tulioitaka tulikuwa wawili, mimi na kijana mmoja mwenzangu. Wakati ule serikali ndiyo iliyokupangia kazi. Asiyebaki alikwenda alikotumwa, na mimi nilikwisha kudokezwa: mwalimu wa sekondari, kusini kabisa, mwendo wa siku mbili barabara ikiwa kavu, na masika ikiingia ndiyo basi tena. Kwa mwingine ni sawa tu. Kwangu mimi haikuwa sawa, kwa sababu macho ya baba yalikuwa yanakufa, na aliyejua ni mimi peke yangu.

Hospitalini walisema ni presha ya macho, kilichopotea hakirudi. Alikuwa bado anaona katikati, kando kote giza. Kila asubuhi kabla ya masomo nilikuwa namtengea skrubu zake kwa ukubwa ndani ya vifuniko vya chupa. Kila alasiri nikirudi naingiza zile zilizomshinda, mgongo nimeupa barabara ili wapita njia wasione. Fundi saa akijulikana haoni, amekwisha. Nani atampa saa yake? Nikienda kusini, siri ile isingemaliza wiki mbili. Ndiyo maana niliitaka nafasi ile kwa meno na kucha.

Mhadhiri akatupa mtihani. "Nina karatasi za vipimo kutoka nje," alisema. "Zinaonyesha chembe za milipuko miwili zilifika duniani saa ngapi. Ziko kwenye droo, na hamtaziona. Kila mmoja afanye hesabu ya safari, aniambie chembe zake zilifika saa ngapi. Jina moja linakwenda utawala Ijumaa ya wiki ya tatu."

Mimi kwa kiherehere changu nikaudaka mlipuko mkubwa. Ndipo akaniambia mlipuko huo una kasoro: tarehe ipo, lakini karatasi yenye saa ya mlipuko haikuja na posta. Mwenzangu akatabasamu, wa kwake ulikuwa na kila kitu.

"Baba yangu anayo hiyo saa," nikasema.

Nikamweleza daftari. Nilidhani mhadhiri atanifukuza. "Daftari la fundi saa wa Kariakoo," akasema polepole. "Haya. Si kila siku tunaimba kujitegemea? Lete, ndugu."

Nilikuta siku ile imeandikwa kwa penseli, mwandiko wa baba, mkubwa kuliko wa zamani: 11.20. Redio kimya. Si betri.

Ngoja nieleze tulivyofanya, maana ndiyo siku nilizofurahi kuliko zote. Mhadhiri aliniahidi saa moja ya mashine ya kompyuta katika ofisi moja ya serikali mjini, Jumamosi ya wiki ya pili. Kabla ya hapo alitaka nifanye chembe mia mbili kwa mkono, nijue mashine inafanya nini. Nikachora njia ya kutoka jua hadi dunia kwenye karatasi ya miraba. Kila hatua unarusha shilingi: ukitokea upande wa mwenge, chembe inasonga mbele; ukitokea wa kichwa, inarudi nyuma, na kila hatua unahesabu dakika. Mrusha shilingi alikuwa baba. Alasiri akishafunga kazi tulikaa uani, yeye anarusha, anaidaka kiganjani, anaipapasa kwa kidole gumba, wala haitazami.

"Mwenge. Mwenge. Kichwa. Kichwa tena. Mwanangu, huyu anarudi kwao, kasahau kitu."

"Baba, rusha bwana!"

"Narusha. Mwenge. Haya, kakumbuka safari." Chembe ikifika duniani alikuwa anaikaribisha, "Karibu, pole na safari." Ikirudishwa karibu na mwisho alisikitika kweli, anatikisa kichwa anasema huyo ana matatizo ya kifamilia. Mimi mguu unacheza, penseli inakimbia, yeye katulia na shilingi yake. Chembe mia mbili zilituchukua siku tisa.

Jumamosi ikafika. Mashine ilijaa chumba kizima, chumba kina baridi ya kuhitaji sweta, na programu yangu ilikuwa rundo la kadi zenye matundu ambazo opereta alizichukua kwa mikono miwili akanifungia mlango. Sikuweza kungoja. Nilizunguka uwanja wa Mnazi Mmoja mara tatu kwa miguu, nikarudi, bado, nikauzunguka tena. Karatasi zilipotoka, chembe elfu kadhaa zilikuwa zimetengeneza kwenye mchoro kilima kile kile tulichokipata mimi na baba kwa shilingi. Za kwanza zinafika dakika thelathini na tano baada ya redio kunyamaza, kundi kubwa baada ya saa mbili hivi. Nilitaka kumbusu opereta.

Ilibaki kugeuza saa tu, na hapo nilijiona mjanja kweli. 11.20 ya baba, saa kumi na moja na dakika ishirini, jioni, jua bado lipo. Nikaongeza sita nipate saa za kizungu: 17.20. Nikatoa tatu kwenda Griniwichi, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu na ndiyo saa ya vipimo vya nje: 14.20. Dakika thelathini na tano juu yake: 14.55. Niliandika kwa wino mwekundu nikaipigia mstari.

Jumatano ya wiki ya tatu nikaiweka mezani kwa mhadhiri. Alifungua droo, akatoa karatasi yake, akaziweka mbili pamoja. Mguu wangu ulikuwa unagonga sakafu.

"Umbo ni zuri sana," akasema. "Lakini chembe zilifika 8.55. Zako zimechelewa saa sita. Umesahau kugeuza saa za Kiswahili?"

"Nimegeuza, Mwalimu! Hii hapa, ona, sita nimeongeza, tatu nimetoa!"

Akafuata mistari yangu kwa kidole. "Kweli umegeuza. Basi kosa ni la daftari." Akalifunga akanirudishia. "Pole, ndugu. Mwenzako amekosea nusu saa tu."

Sikumbuki basi la kurudi. Nakumbuka nilishuka Mnazi Mmoja nikakata Kariakoo kwa miguu, nagongana na watu, na kila hatua hasira inapanda. Kusini. Siku mbili za barabara. Na yote kwa sababu mzee kaona mshale vibaya na badala ya kusema sioni, kaandika. Kwa nini hakusema? Mimi si ndiye niliyekuwa naificha siri yake, kila siku, mgongo barabarani?

Barazani walikuwepo fundi nguo na mteja mmoja, muuza vipuri vya magari wa Gerezani, mtu mzima, amekaa kwenye benchi anasubiri saa yake iliyokuwa wazi mbele ya baba. Sikuamkia mtu. Nililitupa daftari mezani, skrubu zikaruka.

"Baba, uliandika nini humu? Saa sita nzima umekosea! Mshale mkubwa na mdogo huoni tena? Kama huoni si useme huoni! Umeniharibia kila kitu!"

Cherehani ilinyamaza. Baba aliinua uso, kioo bado kiko jichoni, akanitafuta nilipo. Angeweza kunizaba kibao na hakuna ambaye angesema neno. Alisema tu, "Labda macho, mwanangu."

Labda macho. Mbele ya watu. Muuza vipuri aliinuka taratibu, akakusanya saa yake na kifuniko chake kwenye leso. "Mzee wangu, ngoja nitapita siku nyingine," akasema kwa adabu zote, akaenda zake. Baba akatoa kioo jichoni, akakifuta, akakiweka kwenye kopo. Halafu akaanza kushusha saa za watu ukutani moja moja, akamwomba fundi nguo amsaidie kuzirudisha kwa wenyewe.

Alhamisi sikumwona akitoka chumbani. Alikaa kitandani ameuelekea ukuta, chai nikampa, akanywa, akasema ahsante. Sikumwomba radhi. Nasema ukweli wangu: nilikuwa najionea huruma mimi zaidi ya yeye. Siku nzima nilitoka na kuingia, nikafua visivyo na haja ya kufuliwa, nikaenda foleni ya sabuni nikaiacha katikati.

Ijumaa asubuhi, natoka niende Mlimani nikasikie jina la mwenzangu likipelekwa, fundi nguo akaniita. Hakuwa anacheka. "Binti, zimebaki saa mbili msumarini. Ziingize ndani, zisije zikaibwa."

Zilikuwa zimening'inia pamoja, jirani na ilipokuwa redio. Zote zinatembea. Moja ilisema saa mbili kasoro dakika kumi, ambayo ndiyo iliyokuwa saa yenyewe. Ya pili, dakika zile zile, lakini mshale mdogo ulikuwa karibu na nane. Kwenye mkanda wake kulibandikwa kipande cha plasta, na juu ya plasta, kwa kalamu, mwandiko wa baba: CHUO.

"Hii ya nani?" nikauliza.

"Si ya baba yako! Ina mwaka wa tatu hapo. Nilimwambia, fundi, saa hii imepotea njia, akaniambia inakwenda sawa kule anakosoma mwanangu. Redio ikinyamaza ndiyo anayoitazama, ndiyo anayoandikia. Hata jana na leo alfajiri katoka, kazitia ufunguo hizo mbili tu, karudi ndani."

Miguu yangu, ile isiyotulia, ilitulia. Mwaka wa tatu. Tangu siku ile niliposimama juu yake kusema saa zetu hazitambuliki. Hakubisha, hakuniambia kitu. Alitundika saa nyingine. Daftari nilikuwa nimeliokota nikalitia mkobani, nikalifungua pale pale. Kurasa za zamani alikuwa anaandika saa nne asubuhi, saa tisa alasiri. Tangu nilipoingia chuo, namba tupu, bila asubuhi wala jioni, kwa sababu za kizungu hazihitaji. 11.20 ilikuwa saa tano na dakika ishirini, asubuhi. Yeye alizigeuza kwa ajili yangu, mimi nikazigeuza tena kwa ajili yake. Aliona vizuri kabisa. Mimi ndiye niliyeongeza sita juu ya sita.

Nilikimbia. Nilikwenda kituoni mbio, basi halikuja, nikaanza kwa miguu, likanikuta njiani. Nilimkuta mhadhiri ana bahasha yenye jina la mwenzangu mkononi. Sikubisha hodi. Niliweka daftari, nikaweka saa yenye plasta, nikaongea maneno yote kwa pumzi moja. Alichukua kalamu akafanya hesabu mwenyewe. 11.20, toa tatu, 8.20. Ongeza thelathini na tano. 8.55.

"Haya makubwa," akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona anacheka. Akaichana bahasha. "Msalimie mzee. Mwambie daftari lake linaingia kwenye ripoti yangu."

Nilirudi nyumbani naimba. Niliusukuma mlango. "Baba! Nimebaki! Siendi kusini!" Nikakaa kitandani ubavuni pake nikamweleza yote, saa ya plasta, sita juu ya sita, bahasha kuchanwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya magoti.

"Kwa hiyo macho yangu yaliona?"

"Yaliona, baba. Mimi ndiye niliyekosea. Nisamehe."

"Umejua saa ngapi?"

"Asubuhi, kama saa mbili."

"Ukaenda wapi?"

Hapo ndipo sauti yangu ilipopungua. "Mlimani."

"Ulifanya vizuri, bahasha ilikuwa inaondoka," akasema, bila kejeli yoyote, na hilo ndilo lililoniuma. Alikuwa chumbani, hatua kumi kutoka msumarini, ameuelekea ukuta, nami nilipita mlango wake mbio. "Nimekusamehe. Lakini uliyasema barazani, mwanangu. Humu ndani nimekusikia mimi tu. Wale wa kule bado wanayo yale ya juzi."

Nilikwenda. Nilianza na fundi nguo, nikasema kwa sauti hata wanywaji kahawa wa ng'ambo wakageuka: kosa lilikuwa langu, baba hakukosea hata dakika. Halafu nikaenda Gerezani. Nilimkuta yule muuza vipuri kati ya mabomba na springi, mikono imejaa grisi.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wewe si yule binti mkali?"

"Ndiye mimi," nikasema, nikaanza. Nilimweleza jua, mlipuko, redio, chembe zinavyosukumwa huku na huku. Nilimweleza na saa mbili za msumarini. Alinisikiliza na nati mkononi. Nilipomaliza akauliza swali moja tu.

"Kwa hiyo mzee anaona?"

Jamani. Nilitaka kusema anaona kama mwewe. Baba angejua ni uongo, na yule bwana angekuja kujua pia. "Haoni kama zamani," nikasema. "Anaona kidogo, zilizobaki nazifanya mimi, na sasa nimebaki mjini. Lakini alikuwa anasoma saa mbili tofauti kila siku miaka mitatu, na hakukosea. Mimi nina macho mazima, moja tu imenishinda."

Alinitazama, akacheka polepole. Akafuta mikono, akaingiza mkono mfukoni, akatoa leso. "Mpelekee. Inakimbia au inachelewa, mimi sijui. Ndiyo nilikuwa nataka aniambie."

Alasiri ile baba alitoka chumbani. Mimi ndiye niliyemrudishia meza yake, redio na kopo la kioo, na safari hii nilikaa upande wa barabara, uso kwa watu, kibanio mkononi, kila apitaye aone. Fundi nguo akasema lo, leo binti kakaa. Baba aliiweka saa ya Gerezani sikioni, akafumba macho, akaisikiliza muda mrefu.

"Inakimbia," akasema. "Fungua nyuma, nitakuonyesha pa kugusa. Lakini kwanza niambie sasa hivi saa ngapi."

Nilitazama msumarini, zilikuwepo mbili. "Zetu au za chuo?"

"Sema yoyote, mwanangu. Ila mara hii niambie ni ipi."